Adui wa Unyoya: Kutunza Manyoya ya Ndege wa Mawindo

Ndege wa mawindo ni jina linalokusanya ndege wanaowindwa kwa ajili ya nyama, hasa jamii ya kuku wa porini kama kanga, kororo, kwale na fezanti, pamoja na bata wa mwituni na njiwa. Nyama yao huishia chunguni, ilhali manyoya, ambayo katika majiko mengi hutupwa jalalani pamoja na matumbo, yanaweza kudumu kuliko mtu aliyeyanyonyoa, kwa sharti kwamba anayeyahifadhi ameelewa jambo moja ambalo mafunzo mengi ya kazi za mikono hulipita haraka mno. Unyoya safi na mkavu hauhitaji dawa ili usioze, kwa kuwa hauozi kwa urahisi. Unachohitaji ni kuondolewa kila kitu ambacho si unyoya, yaani nyama, mafuta, damu, unyevu na mayai ya wadudu, kisha kuwekwa mahali ambapo vitu hivyo haviwezi kuurudia.

Sababu yake ni kwamba unyoya uliokomaa ni kitu kisicho na uhai hata ndege mwenyewe angali hai. Umejengwa kwa keratini, protini ngumu ya jamii moja na ile inayofanya kucha, nywele na pembe ya kifaru, na ukishamaliza kukua hakuna damu inayopita ndani yake. Katikati kuna uti, ambao pande zake mbili zimepangwa vitawi vyembamba, na kila kitawi kina vitawi vingine vidogo zaidi, vyenye vikulabu visivyoonekana kwa macho, vinavyokamata vitawi vya jirani. Mtu akichukua unyoya wa ubavuni mwa kanga na kuupapasa kinyume, kutoka nchani kuelekea shinani, utatawanyika na kuonekana kama uliochakaa. Akiupitisha tena kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka shinani kwenda nchani, vikulabu vitashikana na ubapa wake utarudi kuwa mmoja, madoa meupe yakijipanga tena katika safu zake. Ndege hufanya hivyo kwa mdomo wake siku nzima. Fundi anayetunza manyoya amerithi kazi hiyo, na unyoya ambao vikulabu vyake bado vinashika ni unyoya mzima hata ukiwa umejikunja au kuchafuka.

Rangi nayo ina habari zake. Weusi na hudhurungi hutokana na melanini, ambayo pamoja na kutia rangi huuimarisha unyoya dhidi ya kukwaruzika, ndiyo maana ndege wengi weupe wana ncha nyeusi kwenye mbawa, mahali panapopigwa na upepo zaidi. Madoa ya kanga hayana melanini, na kwa hiyo hupokea rangi kwa urahisi: unyoya wa kanga ukichemshwa polepole katika rangi ya buluu iliyotiwa siki, madoa hugeuka buluu na ardhi yake hubaki nyeusi. Rangi nyingine ni dhaifu. Wekundu wa mbawa za ndege wa jamii ya turako, ambaye si ndege wa mawindo lakini manyoya yake yamethaminiwa sana katika mapambo ya kifalme kusini mwa Afrika, hutokana na kiambata chenye madini ya shaba kinachoyeyuka katika maji yenye magadi au sabuni kali. Anayeosha unyoya asioujua vizuri anapaswa kujaribu kwanza kwa mmoja asiouhitaji.

Matumizi ya manyoya haya ni mengi, kuanzia hereni na kofia hadi mashada ya ukutani, lakini hakuna kazi inayoyadai kwa makini kama ufungaji wa nzi bandia, yaani utengenezaji wa chambo cha samaki kwa kufungia manyoya na uzi juu ya ndoana ili kifanane na mdudu au samaki mdogo. Ufundi huo ni mkongwe. Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi takriban mwaka 200, aliandika juu ya wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuongeza manyoya mawili ya jogoo. Kitabu cha Kiingereza juu ya uvuvi wa ndoana kilichochapwa na Wynkyn de Worde mwaka 1496, na ambacho kwa desturi huhusishwa na mtawa Juliana Berners, kinataja vyambo 12 vya aina hiyo, na kimojawapo cha mwanzo kabisa kina mbawa za kwale. Karne ya 20 Frank Sawyer, mtunzaji wa mto Avon katika jimbo la Wiltshire, alifunga chambo kwa vitu viwili tu, nyuzi za unyoya wa mkia wa fezanti na waya mwembamba wa shaba, bila uzi wowote, ili kuigiza tunutu wa mdudu wa majini anayeliwa na trauti. Chambo hicho sasa kinatumika kila bara lenye trauti.

Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii kwa namna ambayo wengi hawaitambui. Kanga wa kawaida, ambaye inasimuliwa kwamba vazi la kanga la pwani lilipata jina lake kwa madoadoa yake, aliingia zamani katika vyambo vya samoni vya Uingereza, na koo la Jock Scott, chambo mashuhuri cha karne ya 19, hufungwa kwa unyoya wake. Kanga tumbusi, aishiye katika nyika kavu za Kenya, Somalia, Ethiopia na kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ana kifua cha buluu iliyoiva na manyoya marefu ya shingoni yenye mstari mweupe katikati. Mwandishi wa hadithi za watoto Arthur Ransome aliyatumia manyoya hayo kutengenezea chambo cha kuigiza mtoto wa mkunga, na mpaka leo hajapatikana ndege mwingine wa kushika nafasi hiyo sawasawa. Trauti wenyewe waliletwa Kenya mwaka 1905, wakati mayai kutoka Loch Leven huko Uskoti yalipopandwa katika mto Gura wa milima ya Nyandarua, na baadaye Kenya ikawa mojawapo ya nchi ambamo mafundi hukaa mbele ya jiliwa ndogo kutwa nzima wakifunga vyambo vya kuuzwa Ulaya na Marekani. Inasikitisha kwamba katika nchi hiyo hiyo manyoya ya kanga wa kufugwa hufagiliwa na kuchomwa moto pamoja na takataka za uani.

Kazi ya kuhifadhi huanza kabla maji hayajachemka. Desturi ya jikoni ni kumtumbukiza ndege katika maji ya moto ili manyoya yalegee, na kwa mpishi desturi hiyo haina kosa, ila kwa fundi ina madhara mawili: manyoya hutoka yakiwa yameshikamana kwa mafuta na uchafu wa mwili mzima, na yakirundikwa mabichi katika mfuko hata kwa usiku mmoja huanza kunuka na kuota ukungu. Afadhali manyoya yanayotakiwa, ya ubavu, mgongo, shingo na mkia, yanyonyolewe kwanza makavu, machache machache, kwa kuvuta kufuata uelekeo yanakoota ili ngozi isichanike na nyama ikabaki nzuri kwa mchuzi, kisha mpishi aendelee na maji yake. Ndege anayepukutisha manyoya hafai, kwa kuwa manyoya yake mapya bado yamo ndani ya ala na mashina yake yana damu, na damu ni karamu ya wadudu. Kule Uingereza, ambako msimu wa fezanti ni kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 1 Februari, ndege wa katikati ya msimu ndio wanaopendelewa, kwa sababu hiyo hiyo ya kwamba wamekwisha kuota manyoya kamili.

Ndege aliyekutwa amekufa hapaswi kuguswa kwa ajili ya manyoya, hata angekuwa mzuri namna gani. Kideri, ambacho wafugaji wa kuku wanakijua kwa uchungu, na mafua ya ndege huweza kubebwa na kinyesi na ute uliokauka juu ya manyoya, na mafua ya ndege yamewahi kuua watu.

Damu iliyoganda huoshwa kwa maji baridi, kwani maji ya moto huipika na kuifanya ing'ang'anie. Baada ya hapo hufuata maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni laini ya vyombo, ambamo manyoya huzungushwa taratibu bila kufikichwa, kisha husuuzwa mara mbili au tatu mpaka utelezi uishe. Unyoya uliotoka majini hutia huzuni kuutazama, umenywea kama kamba, na wanaoanza hudhani wameuharibu. Ukitiwa pamoja na wenzake ndani ya mfuko wa wavu au foronya nyepesi na kupulizwa hewa vuguvugu huku mfuko ukitikiswa, hufumuka kidogo kidogo, kwanza malaika yaliyo karibu na shina, halafu ubapa wenyewe. Jua kali la adhuhuri hukausha upesi lakini hufifisha rangi. Kivuli chenye upepo kinatosha, ingawa pwani, wakati wa masika, manyoya yanaweza kukaa siku tatu bila kukauka shinani, na hapo pangaboi au mashine ya kukaushia nywele haina mbadala.

Bawa zima, mkia mzima au ngozi ya shingo pamoja na manyoya yake huhitaji zaidi ya kuoshwa, kwa kuwa hapa nyama na mafuta vimebaki chini ya unyoya. Bawa hukatwa kwenye kiungo kilicho karibu na mwili, hupasuliwa kwa upande wa chini kufuata mfupa, na kila uzi wa nyama unaoweza kutolewa hutolewa kwa ncha ya kisu. Mahali palipopasuliwa hujazwa unga wa boraksi, chumvi ya madini inayofyonza maji na kuwazuia wadudu, halafu bawa hutandazwa juu ya boksi la karatasi ngumu, likabanwa kwa pini katika umbo linalotakiwa na kuachwa kwa wiki mbili au tatu, hadi kiungo kisipinde tena kwa kusukumwa. Boraksi si chakula wala si dawa ya kugusika ovyo, hivyo glavu na mahali pasipofikiwa na watoto ni lazima.

Wengi hutumia chumvi ya mezani badala yake, kwa kuwa ndiyo iliyopo. Katika nyanda za juu zenye hewa kavu chumvi hufanya kazi, lakini hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka, na katika miji kama Mombasa, Tanga na Unguja kiwango hicho hupitwa usiku mwingi wa mwaka. Bawa lililotiwa chumvi huko litaonekana limekauka mchana na kulowa alfajiri, na baada ya miezi michache ngozi yake itakuwa imenyauka na kunuka. Atakayeiga maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi baridi bila kuyapima na hewa ya kwao atailaumu mikono yake bure.

Hata hivyo, si unyevu unaomaliza makusanyo mengi ya manyoya. Ni wadudu. Nondo wa nguo, mdudu mdogo wa rangi ya dhahabu iliyofifia ambaye hukimbia mwanga badala ya kuufuata, hana madhara akiwa mzima, kwa sababu hali chochote. Anayekula ni kiwavi wake, na kiwavi huyo ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kumeng'enya keratini. Wapo pia mbawakawa wadogo wa jamii ya dermestidi, wale wale wanaoshambulia samaki wakavu na ngozi, ambao mabuu yao yenye vinywele huacha magamba matupu kila wanapojivua. Dalili za mwanzo ni ndogo sana: vumbi kama mchanga chini ya mfuko, nyuzi za hariri zilizoshikiza vitawi viwili, na pengo jembamba lililonyooka kwenye ubapa wa unyoya kana kwamba limekatwa kwa wembe. Anayeona pengo moja na kuutupa unyoya huo mmoja amechelewa, maana mayai tayari yamo katika mengine.

Ndiyo maana kila unyoya mpya, hata wa kununua, hata wa zawadi, unapaswa kutengwa kabla ya kuingia katika kabati. Njia ya kuaminika zaidi ni baridi. Manyoya yaliyokauka kabisa hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, yakawekwa katika friza yenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili, na baada ya kutolewa mfuko haufunguliwi mpaka uwe umerudi katika joto la chumba, ili umande ugande nje ya plastiki na si juu ya manyoya. Baadhi ya watunzaji huyarudisha tena kwa mara ya pili, wakilenga yai lolote lililonusurika. Baridi inapaswa kuwa ya ghafla, kwani wadudu wanaopozwa polepole huweza kuizoea, na umeme ukikatika kwa muda wa kutosha friza kuyeyuka, hesabu ya siku huanza upya. Pasipo friza, joto hutumika: wadudu hao katika hatua zao zote hufa wakikaa takriban saa moja katika nyuzi 55 au zaidi, na mfuko mweusi uliofungwa vizuri, ukiwekwa juani juu ya bati, hufikia joto hilo bila ya manyoya yenyewe kupigwa na mwanga. Kipimajoto kinapaswa kuwa katikati ya mfuko, penye ubaridi kuliko pembeni.

Kinyume na baridi na joto, harufu imepewa sifa isiyostahili. Karafuu, majani ya mwarobaini na mbao za mwerezi huweza kumfukuza nondo anayetafuta pa kutaga, lakini haziui mayai yaliyokwisha kutagwa. Vidonge vyeupe vya naftalini huua pale tu mvuke wake unapojaa ndani ya chombo kilichozibwa. Katika kabati linalofunguliwa kila siku hubaki kuwa harufu tu, tena harufu yenye sumu. Kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi ambayo ni ya kawaida katika maeneo yenye malaria na kwa hiyo ni ya kawaida katika Afrika Mashariki, mvuke wa naftalini unaweza kupasua chembe nyekundu za damu, na watoto wachanga waliovikwa nguo zilizotunzwa kwa vidonge hivyo wamewahi kuugua vibaya. Hakuna unyoya wenye thamani ya hatari hiyo. Vivyo hivyo ngozi za ndege za zamani, zilizotoka katika makusanyo ya karne ya 18 hadi ya 20, zilipakwa mara nyingi sabuni ya aseniki iliyobuniwa na Mfaransa Jean-Baptiste Bécoeur, na sumu hiyo haifi kwa uzee. Ngozi ya zamani isiyojulikana historia yake ishikwe kwa glavu, na manyoya yake yasivaliwe mwilini.

Unyoya uliosalimika lakini umejipinda kwa kubanwa sandukuni hurekebishwa kwa mvuke. Ukishikwa kwa kibano juu ya mdomo wa birika linalochemka, umbali wa kiganja hivi, uti hulainika ndani ya sekunde chache na unyoya hujinyoosha wenyewe mbele ya macho, kwani unyevu na joto hulegeza vifungo vya ndani vya keratini, navyo vikipoa huganda katika umbo la asili. Mkia wa fezanti uliokunjwa mara mbili katika bahasha huweza kunyooka, isipokuwa pale uti ulipovunjika kabisa.

Katika kuweka, giza na ukavu vinatosha, lakini mpangilio wake unahitaji kufikiriwa. Manyoya makubwa ya bawa la kulia hupinda upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, na anayefunga chambo chenye mbawa huhitaji kipande kutoka kila upande ili mbawa mbili zisimame sawa. Manyoya ya mabawa mawili yakichanganywa katika mfuko mmoja, kuyapanga tena ni kazi ya jioni nzima. Mabawa ya ndege mmoja yanapaswa kukaa pamoja, jozi kwa jozi.

Kila jozi iwe na karatasi yake, iliyoandikwa kwa penseli kwa sababu wino hufifia na kusambaa, ikitaja aina ya ndege, mahali, tarehe na namna alivyopatikana. Sehemu ya umuhimu wa karatasi hiyo ni ya kisheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania, namba 5 ya mwaka 2009, inahesabu unyoya kuwa nyara sawa na pembe na ngozi, hivyo anayeshika unyoya wa ndege wa porini bila kibali anaweza kuulizwa swali ambalo karatasi ya kanga wa kufugwa ingelijibu papo hapo. Marekani, kwa sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, hairuhusu hata kuokota unyoya wa ndege wengi wa asili ya nchi hiyo, ingawa kanuni zake zinaruhusu manyoya ya bata waliowindwa kihalali yatumike kutengenezea vyambo vya samaki, mito na magodoro. Uingereza ilizuia uingizaji wa manyoya ya ndege wa porini kwa sheria ya mwaka 1921, baada ya biashara ya kofia kuwa imeteketeza ndege kwa idadi ya kutisha.

Sehemu nyingine ya umuhimu wake ilionekana wazi mwezi Juni 2009, wakati ngozi 299 za ndege zilipoibwa kutoka katika jumba la makumbusho ya viumbe lililoko Tring, Uingereza, ili manyoya yake yafungiwe vyambo vya samoni kwa mtindo wa karne ya 19. Baadhi zilikuwa zimekusanywa na mtaalamu wa viumbe Alfred Russel Wallace katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Nyingi zilipatikana baadaye, lakini idadi kubwa ya zile zilizopatikana zilikuwa zimekatwa karatasi zilizofungwa miguuni, zile zilizoeleza ndege alikamatwa wapi na lini. Manyoya yalikuwa yangali yanang'aa, bila tundu la nondo hata moja, na kwa mtafiti yalikuwa yamepoteza karibu thamani yake yote.